Vuta N'kuvute: Kitabuni na Kwenye Filamu

Msomaji aliyeipenda riwaya huiendea filamu yake kama hakimu aliyekwisha kuandika hukumu. Ndivyo wengi wanavyoitazama Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021: huhesabu yaliyoachwa. Lakini riwaya ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, haiwezi kuenea yote katika saa moja na nusu hivi. Kupunguza si kosa. Hata mfasiri hupunguza, naye hapigwi mawe (au hapigwi mengi).

Hoja nzito iko kwingine. Katika riwaya, msimulizi humwingia Yasmin moyoni. Humweleza msomaji hofu, aibu na upweke wa binti wa Kihindi aliyeozwa Raza, mwanamume wa makamo, akamkimbia na kupata hifadhi Ng'ambo kwa Mwajuma. Humweleza pia jinsi anavyovutwa taratibu na Denge, kijana mpinga ukoloni. Sauti hiyo filamu haiwezi kuibeba nzima. Kamera huonyesha uso. Yaliyofichwa nyuma ya uso huachiwa mtazamaji ayakisie. Asiyeisoma riwaya huona mapenzi, na pengine asione gharama yake.

Hata hivyo, filamu inalipa deni kwa sarafu ambayo kitabu hakina. Taarabu kitabuni ni maneno juu ya karatasi. Kwenye filamu, Mwajuma anaigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu hasa, na anapofungua kinywa Ng'ambo yote inakuwa hai. Kadhalika mazungumzo: maneno ambayo mwanafunzi wa Nairobi au Eldoret huyasoma kwa lafudhi ya darasani, hapa yana mkato na mzaha wake. Ni mangapi kati ya hayo ambayo msomaji wa bara huyapita bila kutambua kwamba ni kejeli?

Kwa hiyo haifai filamu hii igeuzwe muhtasari wa kukimbiliwa usiku wa kuamkia mtihani. Mwanafunzi atakayejadili usimulizi wa Shafi kwa kuitazama tu atakuwa anahakiki kisichokuwamo. Wahadhiri wangefanya vyema kuionyesha baada ya riwaya kusomwa, si kabla, kisha watunge swali juu ya uso wa Yasmin: mwandishi anatumia kurasa ngapi kusema kile ambacho mwigizaji, Ikhlas Gafur Vora, anakisema kwa kunyamaza, na ni kipi kinachopotea njiani?