Utayari wa Tabianchi Tuupime Ngitilini

Mipango ya tabianchi Tanzania inayo. Mwaka 2007 iliandika programu yake ya taifa ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi, na mwaka 2021 ukaja mkakati wa taifa chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais. Nyaraka hizi zina kazi yake, maana bila hizo fedha za nje hazipatikani. Lakini anayetaka kujua kama nchi imejiandaa, aende Shinyanga mwezi wa tisa, malisho yakiwa yamekwisha, aulize ng'ombe wanakula nini.

Kwenye ngitili atapata jibu. Wasukuma hufunga eneo la malisho mvua zinapoanza, majani yakue bila kuguswa. Kiangazi kikikolea hulifungua kidogo kidogo, wakianza na ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na wale waliodhoofu. Humo humo hupatikana kuni, nguzo, asali na dawa. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati hufikishwa mbele ya dagashida, baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa kijiji, huhakikisha faini inalipwa.

Utaratibu huo nusura ufe. Wakoloni walifyeka misitu kuwaangamiza mbung'o, pamba ikala ardhi, kisha operesheni vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Aliyeacha eneo lake hakuwa na sababu ya kulilinda. Hadi mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza, zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji 833 vya mkoa huo kabla haujagawanywa. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria faida yake kuwa wastani wa dola 14 kwa mtu kwa mwezi.

Wataalamu walileta miche, mafunzo na fedha za Norway. Hata hivyo, naamini kilichorudisha uoto ni uamuzi wa kuwaachia wanakijiji sheria yao na mavuno yake. Mtu hulinda mti akijua kesho atakayeukata ni yeye au mwanawe, kwa ruhusa ya wenzake.

Sasa twende Geita, na kwenye machimbo ya Kahama na Msalala, ambako miti huishia ardhini. Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, hushuka wima, kuta zake zikishikiliwa na matimba: magogo yaliyopangwa moja juu ya jingine kutoka mdomoni kwenda chini. Udongo ukiwa laini, magogo huongezeka, maana yakipungua watu hufukiwa. Miti hiyo hutoka kwenye misitu ya jirani, na mkaa wa mama lishe kambini vilevile.

Siwalaumu wachimbaji. Mvua ikikatika na mahindi yakanyauka, kijana wa Shinyanga hushika sururu, na fedha ya dhahabu hununua chakula nyumbani. Nako ni kuhimili ukame. Ubaya ni kwamba njia hii ya kujiokoa inakula ile nyingine, ya ngitili: kila msitu unaoishia duarani unaiacha familia ikitegemea dhahabu zaidi msimu unaofuata. Na dhahabu, tofauti na majani ya ngitili, haioti tena.

Ndiyo maana naona ni kosa kuweka tabianchi upande mmoja na madini upande mwingine. Halmashauri za ukanda huu hupokea ushuru wa huduma kutoka migodini, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 kampuni za madini hukubaliana nazo kuhusu mpango wa kila mwaka wa kusaidia jamii. Fedha hizo hujenga madarasa na zahanati, mambo ya lazima. Sehemu yake, hata ndogo, ingepima mipaka ya ngitili na kuzipatia hati za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kupanda miti ya matimba karibu na machimbo ili misitu ya asili ipumzike.

Madiwani wa Geita, Msalala na Kahama hawahitaji kungoja mfuko wowote wa kimataifa. Bajeti ijayo ikifika mezani, watenge fungu la ngitili na la mashamba ya miti ya matimba, na wananchi waulize hadharani limetumikaje.