Kupunguza Unene Si Kushinda Njaa



Wapo wenzetu, hasa sisi tunaokaa kwenye mashine kutwa, wanaoacha chakula cha mchana ili wapungue. Hilo ni kosa. Mwili hupungua ukipata kalori chache kuliko unazotumia, lakini pengo liwe dogo. Mwaka 1945 huko Minnesota, Marekani, vijana 36 walipewa karibu nusu ya chakula chao kwa miezi 6. Walikonda, naam, ila nguvu ziliwaishia, wakawaza chakula tu. Mkata miwa atamudu hayo?

Tupunguze sukari. Vijiko vitatu vya chai kila kikombe, vikombe vinne, ni karibu kalori 200 kwa siku. Lakini chakula cha mchana kazini tulikidai wenyewe. Sahani zikirudi zimejaa, mwajiri atafunga jiko.