Mnatuuzia tyubu, maelezo mnabaki nayo

Wadau, leo tuweke siasa pembeni. Leo nazungumzia chunusi.

Aliyewahi kusimama mbele ya kioo asubuhi ya usaili, paji la uso limejaa vipele, ananielewa. Siku hiyo unapokea ushauri wowote: dawa ya meno, limau, hata mkojo. Mimi niliingia duka la dawa nikataja jeli niliyosikia inasifiwa, tretinoini. Ni dawa ya cheti. Muuzaji, koti jeupe na yote, hakuomba cheti. Aliuliza swali moja tu: "Una chenji?"

Nikapaka asubuhi, mchana na jioni, nene kama siagi kwenye mkate, kisha nikaingia juani kutafuta habari. Baada ya wiki uso ulikuwa umebabuka, hata maji ya bomba yanauchoma. Chunusi zilibaki palepale, zikaongezewa madoa meusi yaliyokaa miezi.

Kumbe jeli ile hupakwa usiku, mara moja. Unanawa kwa sabuni laini, unasubiri uso ukauke kabisa, unachukua kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, unakwepa macho, midomo na pembe za pua. Wanaoanza hupaka usiku mmoja na kuruka mmoja au miwili mpaka ngozi izoee. Mchana unajikinga na jua. Wiki za mwanzo chunusi zinaweza hata kuzidi, na matokeo huonekana baada ya wiki 8 hadi 12. Kuyasema yote hayo hakuchukui dakika mbili. Kwa nini hayakusemwa?

Na mimi si malaika. Nilipoacha, tyubu iliyobaki nikampa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo. Baadaye akaniambia ni mjamzito. Nikaisoma ile karatasi ya ndani ya boksi kwa mara ya kwanza, huku jasho linanitoka: mjamzito asitumie. Daktari alimwachisha mara moja, akamtoa hofu kwamba kinachopenya kwenye ngozi ni kidogo. Mtoto alizaliwa salama. Lakini usiku ule sikulala, na sikuwa na wa kumlaumu zaidi yangu.

Wengine wanauziwa kibaya zaidi: krimu za steroidi, klobetasoli au betamethasoni, eti za "kusafisha uso". Siku za kwanza wekundu unatulia, unasifiwa ofisini. Ukiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na chunusi zinaibuka upya. Ukiacha, uso unalipuka, unarudi dukani kununua nyingine. Hapo ndugu yangu umeshafanywa mteja wa kudumu. Na jeli ya klindamaisini, ambayo ni antibiotiki, ukiitumia peke yake unawafundisha bakteria usugu. Ndiyo maana madaktari huiambatanisha na benzoili peroksaidi. (Hiyo nayo inababua rangi ya taulo na mashuka, ujue mapema.)

Najua mtakachosema: mbona Marekani wanauza bila cheti? Kweli, mwaka 2016 waliruhusu adapaleni ya asilimia 0.1 iuzwe hivyo. Lakini iliruhusiwa baada ya kuonekana kwamba mtu wa kawaida anaweza kusoma boksi na kufuata maelekezo. Tretinoini huko bado ni ya cheti.

Mtasema pia madaktari wa ngozi ni wachache. Sibishi. Pale KCMC, Moshi, wamekuwa wakifundisha wataalamu wa ngozi tangu mwaka 1992, na bado hawatoshi. Basi hapo ndipo mfamasia anapohitajika zaidi! Kama kazi yake ni kupokea hela na kutoa tyubu, hata muuza karanga anaiweza.

Nasi tunaonunua tuache uvivu. Tunasoma masharti ya vocha ya simu neno kwa neno, dawa ya usoni tunapaka kwa kusikia. Uliza: napaka lini, kiasi gani, nikiwa mjamzito je, nikibabuka nifanye nini? Muuzaji akikosa majibu, usimpe hela yako. Na tyubu yako, tafadhali, usimgawie mtu.

Naomba kuwasilisha.