Usishike Mkasi Kwanza



Katika nyumba nyingi za vijijini, chini kabisa ya sanduku la bibi, mna bahasha kuukuu yenye picha ya gauni. Ndani yake mna karatasi nyembamba za kukatia nguo, alizozipata zamani alipojifunza kushona kwa masista. Sasa mjukuu ameiona picha, na gauni amelipenda. Anataka alivae siku ya Kipaimara. Baba ameuza maharage, kitambaa kimenunuliwa, na hakuna fedha ya kununua kingine. Basi mama, usishike mkasi kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jambo la kwanza, usiiamini namba ya bahasha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, namba 12 ya Marekani ilikuwa ya kifua cha inchi 32. Mwaka 1968 makampuni ya huko yalibadili vipimo, na namba 12 ikawa ya kifua cha inchi 34. Namba ni ile ile, mwili ni mwingine! Kwa hiyo soma inchi zilizoandikwa. Mpime binti kifua, kiuno na nyonga, uandike.

Jambo la pili, ukikuta karatasi zina matundu na hazina maandishi, usiwalaumu nondo. Karatasi nyingi za zamani hazikupigwa chapa. Matundu ndiyo maandishi yake, na pembe ndogo za ukingoni huonyesha kipande kipi kikutane na kipi. Maana ya kila alama imo katika karatasi ya maelezo. Isome yote, uone pia kama nafasi ya mshono imekwisha kuhesabiwa.

Jambo la tatu, usiikate karatasi ya bibi. Ichore upya juu ya karatasi ya mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri. Hata gazeti hili lafaa likisha kusomwa, ila si kwa kitambaa cheupe, maana wino huchafua.

Kama binti amezidi kipimo kwa inchi 2 kifuani, usiongeze inchi 2 upande mmoja. Mwili wa gauni una robo nne: mbili za mbele na mbili za nyuma. Ongeza nusu inchi ubavuni mwa kila robo, na jumla itakuwa inchi 2. Usisahau mikono. Tundu la kwapa limepanuka kwa inchi 1, basi na mkono uongezwe nusu inchi kila ukingo, la sivyo hautaingia.

Jambo la nne ndilo kubwa. Kata kwanza gauni la kujaribia kwa shuka kuukuu au kipande cha merikani. Lishikize kwa mkono, mishono mirefu tu, kisha binti avae. Mwambie ainue mikono kama anayetwanga. Mwambie aketi, halafu apige magoti kama yuko kanisani. Gauni likibana mgongoni au likipanda juu ya magoti, mmelijua kosa mapema, na hasara ni shuka bovu tu. Rekebisha, kisha hamishia marekebisho yote kwenye karatasi yako.

Hapo sasa loweka kitambaa kipya na ukianike, kwani pamba husinyaa. Kipige pasi, ukitandaze mkekani, upange vipande vyote kabla ya kukata hata kimoja. Haya, sasa chukua mkasi.

Nawaombeni jambo moja zaidi. Kazi hii yote ifanyeni pamoja na binti mwenyewe. Yeye ashike utepe, yeye ahesabu robo, yeye achore. Mwisho aandike jina lake na mwaka juu ya karatasi mpya, nayo iwekwe katika bahasha pamoja na ile ya bibi. Gauni la Kipaimara litambana baada ya miaka miwili, bali ufundi hautambana kamwe.

Mungu aibariki mikono yenu.