Kivu: Juisi ya kijani iko sokoni Kadutu, lakini sombe mbichi isiingie ndani

Mananasi ya Idjwi yanafika Bukavu kwa mashua. Avoka na ndizi zinashuka kutoka Kabare na Kalehe, zikiwa kichwani na mgongoni mwa wamama au juu ya pikipiki. Lengalenga zinapangwa mafungu mafungu katika soko la Kadutu, na jioni zile zilizonyauka zinatupwa. Lakini mwanafunzi akipewa faranga za kula shuleni, mara nyingi ananunua sukre ya chupa. Mama aliyeuza avoka kutwa nzima naye anaweza kurudi nyumbani na chupa hiyo hiyo kwa ajili ya watoto, akiona amewaletea kitu kizuri.

Hapo ndipo shida ilipo. Watu wengi katika miji ya Kivu wanaamini kwamba juisi ya kijani, ile ya matunda yaliyosagwa pamoja na majani, ni kinywaji cha wazungu na cha matajiri wanaokaa kando ya ziwa. Si kweli. Vitu vyake vyote viko sokoni, na vingi havishindi bei ya chupa moja ya sukre. Kinachokosekana ni mazoea, maji safi, na kujua majani gani yanafaa na gani hayafai.

Kwanza, hesabu ya sukari. Chupa ya santilita 33 ya soda ya kola ina gramu karibu 35 za sukari, yaani vijiko vidogo kama vinane au tisa. Shirika la afya duniani, OMS, linashauri mtu mzima asipitishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na linasema ni vizuri zaidi akibaki chini ya gramu 25. Chupa moja tu imekwisha kupita kiasi hicho cha pili. Na ndani yake hamna vitamini ya maana, hamna madini ya chuma, hamna chochote cha kumkuza mtoto.

Wakati huo huo, Kongo ni inchi ambamo utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Si glasi ya juisi itakayomaliza jambo hilo. Linahitaji amani, mashamba, barabara na mshahara. Lakini ni aibu kuona matunda yakioza katika jimbo lenye udongo mzuri namna hii, na pesa kidogo ya familia ikienda kwenye maji ya sukari.

Namna ya kuitengeneza ni rahisi. Kwa glasi nne, zinatosha konzi moja ya majani laini ya lengalenga au epinari, marakuja manne, ndizi mbili zilizoiva sana, nusu avoka, na glasi mbili za maji yaliyochemshwa yakapoa. Majani yanaoshwa vizuri, yanatumbukizwa katika maji yanayotokota kwa dakika moja au mbili, kisha maji hayo yanamwagwa. Mwenye mashine ya kusaga na umeme anasaga vyote pamoja. Kukiwa na delestaji, kinu kinafanya kazi hiyo: majani yanatwangwa hadi yalainike kabisa, ndizi na avoka zinapondwa kwa uma, marakuja yanachujwa ili mbegu zibaki, halafu vyote vinakorogwa pamoja na maji. Sukari haiongezwi. Utamu wa ndizi unatosha, na marakuja yanafunika ladha ya majani.

Mchanganyiko huu si wa kubahatisha. Madini ya chuma yaliyo katika majani hayaingii mwilini kwa urahisi kama yale ya nyama au samaki, na vitamini C ya marakuja, papai au chungwa inasaidia yaingie. Mwili unageuza kitu fulani kilichomo katika majani ya kijani kuwa vitamini A, ile inayolinda macho na ngozi, lakini unakihitaji pamoja na mafuta kidogo. Mafuta hayo yamo katika avoka. Kwa hiyo avoka, marakuja na lengalenga vinasaidiana, na vyote vitatu vinauzwa katika soko moja.

Lakini onyo moja lazima lisemwe kwa sauti kubwa: sombe mbichi isiingie kabisa katika juisi. Kwa mtu wa Kongo, jani la kwanza linalokuja akilini ni sombe, na hapo ndipo hatari ilipo. Majani ya muhogo, kama mizizi yake, yana kitu kinachotoa sumu ya sianidi yakisagwa mabichi. Wamama wanapotwanga sombe na kuiacha itokote muda mrefu, hawafuati desturi tu, wanaiondoa sumu hiyo. Kongo inajua vizuri madhara ya muhogo usiotayarishwa vema. Mwaka 1938 daktari Mwitaliano Giovanni Trolli alieleza konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioonekana Kwango, na mtu aliyepatwa nao haponi tena kabisa. Wakati huo kiini chake hakikujulikana. Baadaye kilihusishwa na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, hasa kwa watu wanaokosa nyama, samaki na maharagi.

Kwa sababu hiyo, kinu kilichotwangiwa sombe kioshwe vizuri kabla ya kutwangiwa majani ya juisi. Majani ya maharagi nayo yabaki chunguni, na majani ya viazi vya kizungu yasiliwe kabisa. Mtu asiyelijua jani fulani aliache.

Onyo la pili ni maji. Pembezoni mwa ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, kipindupindu hakikomi, kinapungua na kurudi. Mboga nyingine zinamwagiliwa maji ya mtaro, na zingine zinaoshewa mtoni kabla ya kupelekwa sokoni. Katika chungu, moto unaua vijidudu. Katika juisi hakuna moto, kwa hiyo kila kitu kinachoingia ndani lazima kiwe safi tangu mwanzo. Maji ya bidoni yatokote walau dakika moja, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Mikono ioshwe kwa sabuni. Juisi inywewe saa ile ile, maana nyumba nyingi hazina friji na mchanganyiko huu unaharibika haraka.

Wako pia watu wa kuchunga. Mtoto ambaye hajafika miezi sita apewe maziwa ya mama peke yake. Mwenye kisukari, mwenye mawe katika figo, na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande waulize kwanza kwenye kituo cha afya.

Kuna watakaocheka. Watasema mtu aliyekimbia vita, anayelala chini ya hema na kutafuta unga wa bugali, hana haja ya kuambiwa habari za juisi. Wana haki. Juisi hii haichukui nafasi ya bugali, maharagi wala sambaza, na anayekosa chakula anahitaji chakula kwanza. Maneno haya yanaelekea kwa wale ambao tayari wanatoa faranga kila siku kwa chupa ya sukre: mfanyakazi wa ofisi, mwenye duka, dereva wa pikipiki, mzazi anayeandaa sherehe ya komunyo au ya ndoa ambapo kreti za soda zinapangwa hadi darini. Hao wana uwezo wa kuchagua.

Viongozi nao wasijifiche nyuma ya ushauri wa kula vizuri. Huwezi kumwambia mama atengeneze juisi ya majani wakati bomba la mtaa wake limekauka wiki nzima. Wala huwezi kumsifia mkulima wa Kalehe avoka zake wakati zinaozea njiani kwa sababu ya barabara na vizuizi. Maji safi na barabara nzuri ni kazi ya serikali, na raia wana haki ya kuvidai.

Shule nazo zina nafasi. Langoni, pembeni ya mama anayeuza biskuti na sukre, anaweza kuwepo mwingine anayeuza ndizi mbivu, papai na avoka zilizooshwa. Mtoto aliyezoea ladha hizo tangu mdogo hatashangaa siku atakapopewa glasi ya kijani nyumbani. Ataionja, na pengine ataomba ya pili.