Santuri ya «The Mission»: tuisifu, lakini tusidanganyike



Kuna santuri moja ya sinema ambayo wakristu wengi wanaipenda sana. Ni ile ya filamu «The Mission», iliyotoka mwaka 1986. Wapiga kinanda wanaipiga kwenye Misa za ndoa, waimbaji wanaisikiliza katika simu zao, na mara nyingi husemwa: «Sikilizeni, huu ndio muziki wa misioni za zamani. Hivi ndivyo Waindio wa Paraguai walivyoimba.» Kwamba santuri hii ni nzuri, nani atabisha? Lakini kwamba ndivyo walivyoimba, hapo nasema hapana. Na kosa hilo linatugusa sisi pia.

Kwanza tukumbuke habari yenyewe. Filamu hiyo, kazi ya Mwingereza Roland Joffé, inasimulia misioni za Wajezuiti kati ya Waguarani wa Amerika ya Kusini. Mwaka 1750 mfalme wa Hispania na mfalme wa Ureno walifanya mapatano huko Madrid, wakagawana nchi. Vijiji saba vya misioni vikaamriwa kuhama. Waguarani walikataa, vita vikapigwa, na mwaka 1756 wengi wao waliuawa huko Caiboaté. Muziki wa filamu ulitungwa na Ennio Morricone, mtu wa Roma, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufa mwaka 2020.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Morricone si mnyonge, lakini haki yake tumpe. Alichukua sauti tatu. Ya kwanza ni zumari la Ulaya, oboe, ambalo Padre Gabriel analipiga msituni katika filamu. Wimbo wake unapanda polepole, unazungushwa kwa madoido ya karne ile ya kumi na nane. Ya pili ni kwaya ya Kilatini, inayofuata desturi ya Palestrina na ya nyakati za Mtaguso wa Trento. Ya tatu ni ngoma na filimbi za wenyeji, pamoja na mapigo ya sauti zenye nguvu. Kila sauti inasikika kwanza peke yake. Halafu, katika wimbo uitwao «On Earth as It Is in Heaven», yaani duniani kama mbinguni, zote tatu zinasikika pamoja, wala hakuna inayoimeza nyenzake. Viongozi wa kwaya, hapo pana somo! Ni mara ngapi kinanda chetu cha umeme kinafunika waimbaji arobaini, na ngoma inafunika kinanda, hata watu hawasikii tena neno la sala?

Hayo ndiyo mema yake. Sasa tuseme upungufu.

Kwanza, mpango wake. Wimbo huo wa sauti tatu katika filamu unakuja mwishoni kabisa, majina ya wafanyakazi yanapopita. Katika santuri umewekwa wa kwanza. Ni kama kumpa mtu mavuno kabla hajaona jembe. Asiyeiona filamu hajui sauti hizo zilitoka wapi, wala ziligharimu nini kukutana.

Pili, vipande. Santuri ina nyimbo ishirini, na nyingi hazifiki dakika tatu. Te Deum, wimbo mkubwa wa shukrani wa Kanisa, umepewa muda usiofika dakika moja. Umepita kama ndege dirishani.

Tatu, na hili ndilo zito: ni midomo ya nani inayoimba? Santuri inawataja waziwazi: orkestra ya London Philharmonic, kwaya ya London Voices, watoto wa kwaya ya shule za Barnet, na kundi Incantation la Uingereza kwa vyombo vya Kiindio. «Ave Maria Guarani» tunayoifumbia macho kwa ibada imeimbwa London. Hata katika picha, wale wanaoonekana kama Waguarani ni Wawaunana wa Kolombia. Katika filamu hiyohiyo mtoto wa Kiguarani anaimba mbele ya wakubwa, na mlowezi mmoja anadharau, akisema hata kasuku hufundishwa kuimba. Filamu inamhukumu mlowezi huyo, na ni haki. Lakini santuri ilipotengenezwa, nafasi ya kumjibu kwa sauti ya Mguarani mwenyewe ilipotea.

Wengine watasema: «Mwalimu, hii ni sinema, si kitabu cha historia.» Nakubali. Mtungaji hana deni la kunakili mambo ya kale. Deni ni letu sisi wasikilizaji, tunaoita historia kitu ambacho si historia. Wengine watasema: «Hata hivyo nyimbo za misioni zilitoka Ulaya.» Ni kweli, nyingi zilitoka huko. Domenico Zipoli, Mjezuiti aliyekufa Córdoba mwaka 1726, alikuwa Mtaliano. Lakini walioziimba, walionakili karatasi na kuchonga vinanda, walikuwa wenyeji. Na Wajezuiti walipofukuzwa katika nchi za Hispania mwaka 1767, si kila kitu kilikufa. Huko Chiquitos, katika Bolivia ya leo, kati ya watu wengine waliofundishwa na Wajezuiti haohao, wenyeji walitunza maelfu ya kurasa za muziki. Zilionekana mwaka 1972 makanisa yao yalipokuwa yakitengenezwa, na tangu mwaka 1996 nyimbo hizo zinapigwa tena huko katika sikukuu kubwa ya muziki. Santuri yetu inamalizika kwa «Miserere», kilio tu. Historia haikumalizika hivyo.

Sisi watu wa Kongo tunapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Mwaka 1958 huko Kamina, Katanga, watoto na walimu wa shule waliimba Missa Luba pamoja na Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji. Maneno ni ya Kilatini, mahadhi ni ya kwetu, na midomo ni yao wenyewe. Kisha sinema ya Ulaya ikaja kuomba sauti hiyo: Pasolini aliitia katika filamu yake ya Injili ya Mateo mwaka 1964, na Lindsay Anderson katika «If....» mwaka 1968. Hakuna aliyehitaji kwaya ya London iigize Kamina. Kamina iliimba.

Basi ndugu zangu, isikilizeni santuri ya Morricone nyumbani, na kupendezwa kwenu si dhambi. Lakini msiwaambie watoto kwamba hiyo ni sauti ya Waguarani. Na ninyi viongozi wa kwaya, kabla ya kutafuta tena zumari la Padre Gabriel kwa Misa ya ndoa, nendeni kwa wazee wa parokia wanaojua nyimbo za zamani. Andikeni maneno yao, rekodini sauti zao, tieni na majina yao. Watu wa Chiquitos walitunza karatasi zao katika umaskini kwa miaka mia mbili. Sisi wenye simu mkononi tutajitetea kwa neno gani?