Mtoto Amevaa Joho: Leseni ya Uhasibu Aitafute Lini?



Watoto wetu wanaomaliza vyuo wanaongezeka mwaka hata mwaka. Mkata miwa ana binti aliyesoma biashara Makerere, mchuma chai ana kijana aliyesoma uhasibu Nakawa au Kyambogo. Sisi tulioishia darasa la saba tuna haki ya kujivunia jambo hili.

Lakini kila msimu wa mahafali nasikia swali moja kambini, na nasikia likijibiwa vibaya. Mtoto amemaliza shahada ya uhasibu. Je, aingie mara moja katika mitihani ya leseni, ile impayo mtu haki ya kuitwa CPA, au atafute kazi kwanza asaidie nyumbani, na leseni aje aitafute akishatulia? Wazazi wengi husema akishatulia. Mimi nasema aanze mwaka ule ule wa kwanza, huku akifanya kazi yo yote yenye vitabu vya hesabu. Tena nasema jambo hili si la nyumba ya mtu peke yake, ni la chama.

Kwanza tuelewane, maana wazazi wengi hudhani joho ndiyo leseni. Sivyo. Shahada inaonyesha kwamba kijana amesoma. Leseni inampa haki ya kukagua hesabu za kampuni, za chama au za ushirika, na kutia sahihi yake chini ikakubaliwa mbele ya sheria. Hapa Uganda wanaosimamia kazi hiyo ni taasisi ya wahasibu iitwayo ICPAU, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na sheria inayotumika baada ya hiyo ni ya mwaka 2013. Mwenye shahada ya uhasibu anaweza kuomba asamehewe baadhi ya karatasi, lakini zinazobaki bado ni nyingi na ni ngumu. Tena kupasi karatasi zote hakutoshi: anayetaka kufungua ofisi na kukagua hesabu za watu huulizwa pia amefanya kazi wapi, na chini ya nani.

Sasa mkata miwa atauliza, sahihi ya mkaguzi inanihusu nini mimi? Inakuhusu mfukoni. Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa katika nchi hii mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Fedha hiyo leo hununua kilo chache tu za sukari, sukari ambayo miwa yake tunaikata wenyewe. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima cha chini, Rais akakataa kuutia sahihi. Kwa hiyo mshahara wako hautoki katika sheria. Unatoka mezani, chama kinapokaa na mwajiri. Na mwajiri anapokuja mezani haji na panga, anakuja na kitabu cha hesabu.

Niliwahi kukaa katika majadiliano ya namna hiyo kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja. Meneja alifungua kitabu akasema kampuni imepata hasara miaka miwili mfululizo, nyongeza haiwezekani. Wajumbe wetu wote walinyamaza. Tulikuwa na kijana mmoja, mtoto wa dereva wa trekta, aliyekuwa amemaliza chuo. Aliomba kitabu, akakisoma kuanzia nyuma, kwenye zile kurasa za maandishi madogo ambazo sisi huziruka. Akaonyesha mambo mawili. La kwanza, sehemu kubwa ya hasara ile ilikuwa uchakavu wa mitambo. Kinu kilinunuliwa zamani kwa fedha nyingi. Kila mwaka wahasibu hukata sehemu ya bei ile na kuiandika kuwa gharama, ingawa mwaka huo hakuna hata senti iliyotoka sandukuni. Si wizi, ni utaratibu wa hesabu, lakini lazima ujue kwamba fedha ile haikuondoka. La pili, kulikuwa na ada ya usimamizi iliyolipwa kwa kampuni nyingine nje ya nchi, na mwenye kampuni ile alikuwa yule yule mwenye shamba. Yaani mkono wa kulia unaulipa mkono wa kushoto, kisha mwili unalia njaa.

Meneja alimtazama kijana akamwuliza swali moja tu: "Wewe una leseni?" Hakuwa nayo. Alikuwa amemaliza chuo miaka minne iliyopita, na kila mwaka alisema mwaka ujao. Wakili wa kampuni akasema maneno ya mtu asiye na leseni hayawezi kupingana na hesabu zilizokaguliwa. Kikao kikaahirishwa. Chama kikalazimika kutafuta mkaguzi kutoka Kampala na kumlipa kwa makato yenu, naye akaja kusema maneno yale yale ya mtoto wa dereva wa trekta. Nyongeza ilipatikana, lakini ilichelewa, na miezi iliyopotea haikulipwa.

Wazee wanaokumbuka mwaka 1972 wanajua ukosefu wa watu wa hesabu unavyoweza kuangusha kazi. Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 kuondoka, waliondoka pia wengi wa wale waliotunza vitabu vya viwanda, vya vinu vya pamba na vya maduka. Nchi ilikuwa na wahasibu Waafrika wachache mno. Kakira na Lugazi zilidhoofika, sukari ikawa kitu cha kupangia foleni. Sababu zilikuwa nyingi, lakini kiwanda kisichojua kinadai nani na kinadaiwa na nani hakiwezi kusimama. Majirani zetu walikuwa wameanza kujipanga: Kenya iliunda bodi yake ya mitihani, KASNEB, mwaka 1969, na Tanzania ikaunda Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi kwa sheria ya mwaka 1972. Sisi tulifika mwaka 1992. Wenzetu mnaosoma sehemu hii ya Kiswahili mkiwa mmetoka ng'ambo ya Malaba au Mutukula, mnayo njia kwenu pia. Mtoto wenu si lazima afuate ya huku.

Turudi kwenye swali la lini.

Wanaosema asubiri wana hoja, na sizidharau. Mzazi amelipa karo miaka mingi, wadogo wanangoja zamu yao, ng'ombe aliyeuzwa hajarudi. Wengine husema mtu akifanya kazi kwanza ataielewa mitihani vizuri zaidi, na hilo lina ukweli: ni vigumu kusoma habari za ukaguzi kama hujawahi kuona stoo ambayo idadi ya magunia haipatani na daftari. Ndiyo maana sisemi kijana akae nyumbani asome tu. Afanye kazi, hata ya ukarani kwenye ushirika wa akiba na mikopo, hata ya kuandika mizani kiwandani, na kila kipindi cha mitihani aandikishe karatasi moja au mbili. Aweke kumbukumbu ya kazi anayofanya tangu siku ya kwanza, nani alimsimamia na alifanya nini, kwa sababu atakuja kuulizwa.

Ninalolikataa ni neno "baadaye" lisilo na tarehe. Kichwa kilichotoka darasani jana bado kina moto; baada ya miaka mitano sheria za kodi zimebadilika na aliyoyasoma yamesahaulika. Mtaala wa mitihani nao hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na aliyechelewa hukuta karatasi ambazo hakuzitazamia. Na maisha hayangoji. Leo yuko peke yake, kesho ana mke na mtoto, keshokutwa kuna msiba kijijini na yeye ndiye mwenye mshahara. Nimewaona wengi wakiahirisha. Waliorudi kwenye mitihani baada ya miaka kumi nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vinabaki.

Kuna mmoja ambaye ningemwambia angoje: yule mwenye mzazi mgonjwa na hakuna mwingine wa kumwuguza, au mwenye deni ambalo mwenye fedha anamfuata mlangoni. Huyo alipe kwanza, lakini aandike ukutani mwezi atakaoanza. Na aliyeishia kidato cha sita bila chuo asidhani mlango umefungwa. Upo mtihani wa mafundi wa hesabu, ATC, na anaweza kuanzia hapo. Si kila mtoto lazima awe mkaguzi, bwana. Kutunza daftari la ushirika vizuri ni kazi ya heshima na haihitaji leseni.

Sasa nisemalo litawaudhi wengine. Wazazi, punguzeni sherehe za joho. Nimehudhuria sherehe kambini zenye mahema matatu, ng'ombe amechinjwa, vipaza sauti vimekodiwa kutoka Jinja, na mwezi uliofuata mtoto amekosa fedha ya kujiandikisha mtihani. Watu walikula wakaenda zao. Chinjeni kuku, ng'ombe alipie mitihani. Wala msidai mshahara wa kwanza wote. Najua ni desturi na ni shukrani, lakini mwacheni miaka miwili au mitatu abaki na sehemu ya kulipia karatasi zake. Mkubaliane kiasi mbele ya mjomba au shangazi, kisionekane kuwa ujeuri.

Kwa mabinti ndiyo tunakosea zaidi. Kijana akisema anasoma, tunamwacha. Binti akisema anasoma, tunamwuliza ataolewa lini. Katika mashamba ya chai wako wanawake wengi wanaochuma, na ningefurahi siku moja nione upande wetu wa meza ameketi binti wa mchuma chai, mwenye leseni, anasoma zile kurasa za nyuma.

Chama nacho kisikae pembeni kikitoa ushauri. Makato yenu kwa sheria lazima yakaguliwe kila mwaka, na kila mwaka tunamlipa mtu wa nje. Kwa nini ofisi ya chama isichukue kila mwaka mtoto mmoja au wawili wa wanachama, wakafanya kazi na mkaguzi huyo huku wakifanya mitihani? Kwa nini vyama vyetu vya akiba, ambavyo hukopesha kwa ajili ya mabati na pikipiki, visiwe na mkopo mdogo wa ada ya mtihani, unaolipwa polepole kwa mshahara wa kijana? Hata gharama ya mkaguzi tuliyemleta kwenye majadiliano yale ingewalipia watoto kadhaa.

Nimeandika hoja hizi mbili kwa ajili ya mkutano mkuu wa matawi. Katibu wa kila tawi aziweke katika ajenda ya kikao chake kijacho, na alete majina ya watoto wa wanachama waliomaliza uhasibu tangu mwaka juzi, pamoja na karatasi walizokwisha kufanya. Kama hawajafanya hata moja, aandike hivyo.